Maganda Mekundu

Mtafiti alibwaga kalamu mezani. Kwa mara ya tatu seli kwenye visahani zilionyesha uvimbe uleule, kana kwamba maji ya kitunguu aliyozitilia yalikuwa ya bomba tu. Flavonoidi, kinga ya mmea aliyotumaini itatuliza uvimbe ule, ilikuwa imekwenda wapi?

Akaenda akifoka hadi chumba cha pili, kwa mzee mwandaa sampuli, aliyepika hotelini miaka ishirini kabla ya kuajiriwa maabara. Alimkuta anamenya vitunguu taratibu, vidole vimemvimba kwenye viungo, kila kitunguu kinang'aa kama yai. Ndoo ya taka ilifurika maganda mekundu.

"Mzee wangu! Flavonoidi nyingi ziko kwenye maganda, na wewe unayatupa?"

"Mwanangu, karatasi yako imesema 'safisha vizuri'. Kwetu wapishi, kitunguu chenye ganda ni aibu."

Karatasi ile mtafiti aliiandika mwenyewe. Akapiga magoti, akaanza kuzoa maganda ndooni.

Siku mbili baadaye alimwita mzee mbio. "Njoo uone! Uvimbe umeshuka nusu nzima!"

Mzee alitazama namba kwenye skrini, kisha akatazama vidole vyake. "Na hivi je?"

"Bado, mzee wangu. Hizi ni seli za kisahani. Mpaka kufika kwenye mkono wa mtu ni safari ndefu."

"Wewe safiri," mzee akasema, akikitia kisu kwenye droo. "Vyangu vimeshapata nafuu. Kuanzia leo, simenyi."