Daftari la Alfredi

Mwaka ule wafanyabiashara binafsi walipoanza kugombea korosho za Newala, Alfredi alirudi kutoka shule ya maadilisho, kijana wa miaka kumi na minane, daftari kwapani. Mama yake, Getrude, hakutaka kingine duniani: mwanawe akae nyumbani, asitimuliwe.

Kila Alhamisi kijana aliteremka Masasi kwa Bwana Ambakisye, afisa ustawi. Huko hakupigwa wala kuombewa. Alitakiwa kutaja alichomtenda mtoto wa Flora, jirani yao, kwa kinywa chake, bila kumsingizia shetani. Kisha aandike daftarini masharti ya kutorudia. La kwanza: sikai na watoto pasipo mtu mzima. Kila aliporudi, alimsomea mama yake.

Kijijini wazee walishakula mbuzi wa fidia, wakatamka kwamba jambo limezikwa. Atakayelifukua atajijua.

Ukaja msimu wa jando. Fikirini, kaka yake Getrude, ambaye kama mjomba ndiye msemaji wa ukoo, akaita watu uwanjani.

"Mlezi wa wari mwaka huu ni Alfredi! Atakaa na watoto kambini mpaka watoke. Tuone nani atatunyooshea kidole tena!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Getrude naye alipiga, tena kwa nguvu.

Alfredi akasimama. "Shikamoo, mjomba. Siwezi. Mimi nilimnajisi mtoto wa Bi Flora, yule pale. Msinipe watoto."

"Funga domo, mbwa wewe!" Fikirini akafoka. "Mbuzi tulimla bure?"

"Mlimla ninyi," Flora akajibu kutoka nyuma. "Mimi hata mchuzi sikuonja. Miaka mitatu, leo ndiyo nasikia mtu akisema mwanangu alitendwa."

Hakumsamehe. Alitema mate chini, akaenda zake.

Fikirini akakata neno palepale: kesho Alfredi ahame.

Getrude akapiga magoti. "Kaka, lile la kwanza ulilimeza. Hili la kusema kweli ndilo limekukwama?"

"La kwanza lilikuwa la mtoto. Hili ni la ukoo."

Asubuhi Getrude alimsindikiza mwanawe barabarani. Walisubiri gari la Masasi mpaka lilipoonekana vumbi lake.

"Mama, sharti la kwanza ulilijua," Alfredi akasema. "Mbona ulipiga kigelegele?"

Gari likasimama. Kijana akapanda na daftari lake. Getrude alibaki kando ya barabara, mkono mdomoni.