Swali la Nyuma ya Karatasi

...na hivi hili swali kwa nini wameliweka nyuma ya karatasi, alijiuliza Marvene, kalamu ikiwa hewani, mbele kote wamejazana gavana na seneta na wale wa bodi ya maji ambao hawana hata mpinzani, wote hao alishawapitia upesi kama mtu anayemenya viazi, halafu unageuza karatasi na jambo lenyewe linakungoja huko, peke yake, katikati ya weupe wote ule, Je, Mji wa Zelenka uidhinishwe kukopa kwa kuuza hati fungani zisizozidi dola milioni nne, kwa ajili ya kujenga kituo cha zimamoto, maktaba na ofisi za mji, na kutoza kodi ya majengo itakayotosha kulipa mkopo huo, sentensi moja yote hiyo, hakuna mahali pa kuvutia pumzi, ni nani aliyeiandika, mwanasheria bila shaka, akamwona akilini mwanasheria huyo ofisini kwake huko Lincoln, makao makuu ya jimbo, ana mafua, tai ameilegeza, hajawahi kukanyaga Zelenka wala hajui kwamba kituo cha zimamoto cha sasa ndicho hiki hiki ambamo watu wamesimama sasa hivi wakipiga kura, kwamba asubuhi hii vijana wameyatoa magari wakayaacha barabarani kwenye baridi ya Novemba ili vituturi vya kupigia kura vipate mahali pa kukaa, kwamba chini ya viatu vya Marvene kuna doa la oili lililokomaa kuliko watoto wake, na makoti ya zimamoto yametundikwa ukutani yakinuka moshi wa ghala la nani sijui, la akina Hajek labda, liliungua mwaka gani lile... na chini ya swali viduara viwili, ndiyo na hapana, vitupu. Jibu lake alikuwa nalo tangu Agosti. Ndiyo. Alilibeba kimya kimya kama mtu aliyebeba mayai mfukoni, kwa sababu nyumbani kwao, mbele kabisa, katikati ya mawaridi yake, limesimama bango la HAPANA, KODI ZINATOSHA, mume wake Duane kalipigilia mwenyewe kwa nyundo, na wanawake wanaokuja saluni kwake kutiwa nywele mawimbi wanamuuliza, wakiwa wameinamisha kichwa kwenye beseni, "Kwa hiyo kwenu ni hapana, Marvene?" naye anawajibu, "Bustani yetu ni hapana," wakacheka, wakadhani ni mzaha tu, na yeye akawaacha wadhani, maji ya uvuguvugu, shampuu, taulo. Alikwishapanga yote, angejaza ndiyo, angerudi nyumbani, angepasha supu, Duane asingeuliza kwa sababu Duane haulizi anachodhani anakijua, na mtu asipokuuliza hujamdanganya, au umemdanganya, aa, hilo angelifikiria siku nyingine.

Ila zile buti. Vituturi vyenyewe ni vya plastiki, vimesimama juu ya vyuma vyembamba kama miguu ya mbu, vinakuficha uso na mikono tu, kuanzia kiunoni kwenda chini mambo yako yote yako wazi, na kwenye kituturi cha kushoto kwake zimesimama buti za Duane, za kahawia, moja imefungwa kwa kamba ya rangi ya chungwa ya kufungia marobota ya nyasi kwa sababu anasema kununua kamba za viatu wakati gereji imejaa kamba ni wazimu, na buti hizo hazisogei. Duane aliingia kabla yake. Duane aliyemwambia njiani, "Mimi sina cha kusoma mle ndani, bibie, utanikuta nje nimeshamaliza kahawa." Sasa anafanya nini mle, amesahau miwani, hapana, miwani ameivaa, alimwona akiifuta kwa pindo la shati, au amesinzia, Duane anaweza kusinzia amesimama kama farasi... Pale mezani LaVonne anagawa karatasi za kura, na Eldon aliye naye zamu anatafuna andazi la jamu, "Hizi kolachi za plamu kaleta nani?" na LaVonne, "Kaleta mtu ambaye hakukuletea wewe, weka hiyo chini, ni za wapiga kura," na Eldon, "Mimi nimepiga kura alfajiri, kwani mimi si mpiga kura?" na LaVonne, "Wewe ni mpiga kura mwenye sukari," sauti ile ile ya LaVonne, kavu, haina haraka, ndiyo iliyomwambia Marvene alipompa karatasi, "Jipe muda, shoga, hakuna anayekufukuza," akimtazama machoni kidogo zaidi ya inavyohitajika, na Marvene akajiuliza wakati ule na sasa anajiuliza tena, yeye LaVonne amejaza kipi? Nani angethubutu kumuuliza. Kwa sababu Wilbur, mumewe LaVonne, alianguka jikoni mchana wa Januari ule wa baridi kali, na gari la wagonjwa lilikuwa nje ubavuni mwa jengo hili, limefunikwa turubai, kwa kuwa gari jipya la zimamoto ni refu na yote mawili hayaenei humu ndani, na lilipowashwa halikuwaka, likalia kama mbuzi mara mbili tatu likanyamaza, na Duane, ambaye kikosini alishastaafu kwa ajili ya magoti lakini nyumba yao iko jirani na kituo, alisikia kelele akatoka na pikapu yake, wakamfuata Wilbur kwake, wakamlaza nyuma, vijana wawili wamepiga magoti wanamkandamiza kifua kwenye upepo ule, na Duane akaendesha kwenda hospitali. Hawakuwahi. Daktari alisema huenda ingekuwa vile vile hata kama gari lingewaka, huenda, neno gani hilo, unaweza kulilalia usiku na lisikupe usingizi. Duane alirudi, akanawa mikono kwenye sinki muda mrefu, akaomba mayai. Akampikia mayai. Akayala. Hajalisema jambo lile tangu siku hiyo, naye Marvene hakuuliza, alidhani kuuliza ni ukatili, au alidhani anajua, maana miaka mingi namna hii mtu unamwona mumeo kama gazeti la jana... na LaVonne baada ya mazishi alikwenda kwenye baraza la mji, akasimama na koti lake, akawaambia madiwani, "Jina la mume wangu msilitie kwenye vipeperushi vyenu," akaketi, na wao wakamheshimu, hawakulitia, kampeni nzima ikazungumzia paa linalovuja na vitabu vilivyoota ukungu na upana wa milango, na mji mzima ukawa unalizunguka jambo moja bila kulitaja, kama watu wanaozunguka shimo barabarani.

"Kama unataka kahawa sema, Eldon, nitakumiminia, usininyooshee kikombe kama ombaomba," anasema LaVonne kule, na bado buti hazisogei. Alikumbuka mkutano wa Agosti, feni zikizunguka bure, diwani Gaylen Prochaska anaonyesha michoro ukutani, na Duane akainua kofia, "Kituo cha zimamoto nipe leo hii, Gaylen, natia sahihi hapa hapa. Lakini naona humo ndani kuna ofisi za madiwani na chumba cha mikutano chenye jiko, na jiko lina meko mawili. Mnapika nini nyie?" watu wakacheka, Gaylen akawa mwekundu, "Duane, mkopo ni mmoja, kura ni moja. Tukikata vipande, maktaba itaanguka, ofisi zitaanguka, na kituo chako nacho kitaanguka," na Duane, "Kwa hiyo mimi namtaka binti, nyie mnaniozesha na shangazi zake wote," ukumbi mzima ukavunjika mbavu, na Marvene alicheka pia, alicheka sana, alikuwa anajivunia ule ulimi wake, na ni baada ya hapo, wakitembea kurudi nyumbani, ndipo alipomsikia akisema kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya chini, "Kituo kinatakiwa, Marv," halafu hatua mbili tatu, halafu, "lakini siburuzwi." Kesho yake likaja bango. Siburuzwi, neno hilo lilifunga mlango, na yeye alilisikia hilo tu, lile la kwanza alilipita kama mtu anavyopita salamu. Kituo kinatakiwa. Alisema hivyo. Alisema kwa mdomo wake, sasa mbona yeye Marvene alishika lile la pili tu... Na yeye mwenyewe, Marvene, ndiyo yake inatoka wapi, ni ya Wilbur, au ya maktaba, au ni umbea tu, maana ukweli ni kwamba anatamani kuona, hilo ndilo hasa, tangu siku ya michoro anatamani kuona yale madirisha makubwa upande wa kusini na ni nani atakayekaa chini yake, mkopo utakuwa umelipwa wote wakati yeye na Duane wamelala zamani kule kilimani kwenye makaburi, na msichana fulani ambaye hata mama yake hajazaliwa atakuwa amevua viatu anasoma kitabu kwenye jua, hamjui Marvene ni nani, wala hana haja ya kumjua, na hilo badala ya kumhuzunisha linamsisimua, kama kuchungulia nyumba ya watu kwa dirishani, atakuwa anasoma nini yule, atakuwa na nywele za namna gani...

Kitu kikagonga sakafu, kikabiringika, kikaja kikakwama kwenye kisigino chake. Kalamu. Akainama, akishika chuma cha kituturi asianguke, na upande wa pili Duane naye alikuwa ameinama, kofia imemshuka, uso umeiva kwa kuinama, wakakutana macho chini ya plastiki kama watoto waliojificha chini ya meza moja. "Hiyo ni yangu," alisema Duane. "Najua ni yako. Si ulisema huna cha kusoma?" "Nasoma." "Unasoma nini?" "Hilo swali. Limeandikwa na mtu asiyejua kuweka nukta." Marvene akataka kucheka. Akampa kalamu, vidole vya Duane vya baridi, na Duane hakuinuka, akabaki amemtazama, "Wewe umemaliza?" "Bado." "Bado?" alisema, polepole, kama mtu aliyefungua kabati la kwake akakuta shati asilolijua, kwa sababu kwa hesabu yake Marvene naye hakuwa na cha kusoma, bango ni moja, nyumba ni moja, hapana ni moja, na kule mezani LaVonne akasema bila kupaza sauti, "Nyie hapo chini, kampeni zilikwisha jana," na Eldon mdomo umejaa, "Waache, labda wanachumbiana," na magoti ya Duane yakalia akiinuka, akatoweka, zikabaki buti. Marvene akainuka naye, kizunguzungu kidogo, karatasi iko pale pale, viduara vile vile. Bado, alisema bado, na mimi nimesema bado. Na sasa yumo mle anajiuliza kuhusu mimi, hilo likamjia taratibu na likamwasha moto mashavuni, Duane anayejua mimi nitasema nini kabla sijasema, sasa hivi hajui, amesimama na kalamu yake kama mimi, kati yetu kuna plastiki nyembamba kama sahani ya pikiniki na kila mmoja anajiuliza, na mimi nimemdadisi kila mtu leo, nimemdadisi mwanasheria mwenye mafua ambaye hata sijui kama yupo, nimemdadisi LaVonne, nimemdadisi msichana wa miaka ijayo na nywele zake, isipokuwa huyu wa hapa, huyu nilimfunga kama kitabu nilichokwisha kukisoma, na kumbe kurasa gani nilizosoma, ile ya mayai na ile ya bango. Alisemaje njiani, kwenye pikapu, aliangalia kwenye kioo, aliwaona wale vijana wakiacha kukandamiza, alisimamisha gari au aliendelea kuendesha? Hajui. Amelala ubavuni mwake tangu siku ile na hajui. Na ile hila yake ya supu na ukimya, ambayo asubuhi ilionekana ya werevu, sasa aliiona ilivyo, ndogo, ya mtu mwoga, maana ndiyo ya mafichoni ni ndiyo gani, na hapana ya Duane, kama ni hapana, si ilisimama mbele ya nyumba watu wote wakaiona. Basi atamwambia. Kabla ya supu, kabla hajavua koti, Duane, mimi nimejaza ndiyo, na bango liache, ni lako, wala sikuulizi wewe umejaza nini, nakuuliza siku ile ya Wilbur, nieleze, nina mchana mzima, saluni nimefunga. Atakasirika, au atakwenda gereji, au ataketi. Hakujua atafanya lipi, na kule kutojua kulikuwa na utamu wake, kama zamani zile alipokuwa akimngoja kwenye ngazi za nyumba ya mama yake asijue atakuja amevaa nini, atasema nini.

"Huyu naye anataka kolachi na bado hajapiga kura," LaVonne anamwambia mtu mlangoni, upepo ukaingia, makoti yakatikisika ukutani, na kule upande wa pili wa plastiki kalamu ikaanza kusugua karatasi, bila haraka, kama anavyopaka rangi uzio, akihakikisha hakubaki palipo wazi, na Marvene akazuia pumzi asikilize, akategea kweli kweli, shingo imenyooka, kana kwamba sikio lingeweza kuona, lakini viduara wamevichora sawa, cha ndiyo hakikizidi cha hapana hata kwa unywele, na chochote kikijazwa hulia hivyo hivyo, akajikuta anatabasamu peke yake kwenye kituturi, hajui, hajui kabisa, na mkono wake bado uko hewani, juu ya ndiyo.