Blanketi la Baba Mkwe

Beverlyne, nesi mwenzangu, alikwenda kwa metroni asubuhi, kabla ya kupokea zamu, akaomba ahamishiwe wodi nyingine. Nilikuwepo, nikimaliza zamu yangu ya usiku. Alieleza kwamba Mzee Anyona, aliyepasuliwa henia jana yake, ni baba mkwe wake. Kwetu Wakisii mke wa mwana hawezi kumfunua baba mkwe. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na yunifomu haiiondoi. Metroni alimjibu kwamba wodi ya wanaume ina nesi mmoja wa mchana, na nesi huyo ni yeye Beverlyne.

Beverlyne akaingia kazini. Alipompima mzee presha mchana, aliona inashuka. Akamwomba amwonyeshe kidonda. Mzee alilishika blanketi kwa mikono yote miwili, akasema yuko salama, aende kwa wengine. Beverlyne akampigia daktari simu, tena na tena. Daktari alikuwa theta akimpasua mama mjamzito. Beverlyne akamwita mlinzi wa geti aje amfunue mzee. Mlinzi akasema yeye damu haiwezi.

Niliporudi jioni nililivuta blanketi mwenyewe. Godoro lilikuwa limelowa damu. Mzee alifariki kabla hatujamfikisha theta.

Nilimwambia Beverlyne aandike ripoti ya tukio. Kwenye semina Keroka tulifundishwa kwamba ripoti hiyo si ya kumwadhibu mtu, ni ya kuzuia kosa lisirudiwe, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwasukuma wenzangu waziandike. Akaandika yote: ombi la asubuhi, simu, mlinzi, blanketi. Metroni akasema desturi si sababu ya kitabibu, na mambo ya uhaba wa manesi hayakuulizwa. Alichopeleka kwa wakubwa ni kwamba muuguzi hakukagua kidonda. Beverlyne akasimamishwa kazi.

Nilienda kumwambia metroni kwamba ombi lile nililisikia kwa masikio yangu.

"Marion," akasema, "watoto wako bado wako shule?"

Nikasema ndiyo, na bado nikaandika taarifa yangu nikaipeleka. Hakuna aliyeijibu.

Mazishi yalikuwa Sironga. Watu wa boma lile lile, ambao wangemfukuza Beverlyne kama angemgusa mzee, sasa walitaka kujua kwa nini hakumgusa. Shemeji yake Nyakundi alimuuliza mbele ya waombolezaji ikiwa chuoni alisomea unesi au kupika chai. Mumewe, Duke, alikuwa akitazama viatu vyake.

Beverlyne hakupandisha sauti. "Ningemfunua akapona, mngeniruhusu tena kuingia kwa mama?"

Mama mkwe aligeuza uso. Wengine wakaanza kupanga viti.

Wiki hiyo alirudi kwao na mtoto mgongoni. Duke hajamfuata. Nilipompigia simu alisema hataki kusikia habari za rufaa, kwa sababu hata akirudishiwa kazi hana nyumba ya kurudi jioni.

Wodi ya wanaume bado ina nesi mmoja wa mchana. Siku hizi ni Sheila, msichana mgeni, mwangalifu. Juzi alikuja kwangu: alikuwa amemtundikia mgonjwa dripu ya jirani yake. Alitaka nimwonyeshe fomu za ripoti zinakaa wapi.

Nilimuuliza kama mgonjwa anapumua vizuri. Akasema ndiyo.

Nikamwambia abadilishe dripu, amwangalie mgonjwa mpaka jioni, na asimwambie mtu.