Marufuku Kutazama Juu

Tangazo lilibandikwa kwenye kona ya ngazi, mahali ambapo hata anayeshuka na ndoo kichwani hawezi kulikwepa. Lilisema: WAPANGAJI WOTE. KIKAO JUMAPILI SAA TISA ALASIRI. AJENDA NI MOJA: MTU ANAYECHUNGULIA NYUMBA ZA WATU KWA MTAMBO.

Mama Vifungo alitoka kwenye chumba chake cha ushonaji, pini nne zikiwa midomoni, akalisoma mara mbili. Mtu mwenye pini mdomoni hujifunza kunyamaza, na yeye alikuwa amezishika pini kwa miaka ishirini na sita.

Jina halikuandikwa, lakini halikuhitajika. Jengo lote la ghorofa nne lilikuwa na mtambo mmoja tu wa kutazamia, nao ulikuwa kwake: darubini ndogo nyeupe, ndefu kama mkono wa mtu mzima, nyepesi kama mkungu uliochumwa ndizi zote.

Ilianzia shingoni. Daktari alimwambia kuinama juu ya sare za shule kutwa kucha kumeikausha shingo yake kama kamba ya kuanikia, na dawa ilikuwa moja: kila jioni ainue uso, atazame juu, ahesabu hadi mia. Akawa anapanda juu ya paa, katikati ya shuka za watu, anahesabu. Jioni ya tatu alipofika sitini na kitu aliona nyota isiyopepesa. Zingine zinakonyeza, hii imetulia tu, inamtazama. Akasahau kuhesabu. Mwezi mmoja baadaye alirudi nyumbani na boksi.

Boksi lilikuwa na uongo mwingi. Lilichorwa sayari zenye rangi za kanga mpya na kuandikwa kwamba kitu kitaonekana kikubwa mara mia tano. Mama Vifungo, kama kila mgeni wa mambo hayo, aliikimbilia lenzi yenye nguvu kuliko zote, akaona ukungu unaotetemeka. Miguu mitatu iliyokuja na darubini nayo ilitikisika hata mtu akikohoa. Wiki nzima wifi yake, dada wa marehemu mumewe aliyeishi naye chumba kimoja, alimcheka hadi akashika mbavu.

"Wifi, umenunua bomba," alisema. Alikuwa mpika mikate, na sauti yake ilizoea kushindana na tanuri. "Lingetoka maji tungesema nafuu."

Lakini fundi hashindwi na mshono akiwa na muda wa kuufumua. Aliitupa ile miguu, akachukua miguu ya chuma ya cherehani yake ya zamani iliyokufa, akaifunga darubini juu ya ubao wake kwa mikanda ya begi la shule. Haikutikisika tena. Akaweka lenzi dhaifu kuliko zote. Mwezi ukaingia, umepinduka kichwa chini, lakini safi, una mashimo na vivuli vya mashimo, kama unga uliodondoshewa mawe. Ile nyota isiyopepesa ilikuwa sayari ya Mshtarii, na kando yake kulikuwa na nukta nne zimejipanga mstari mmoja, kama tundu za vifungo.

Usiku ule alimwamsha wifi. Wifi alipanda akilalamika, akatazama, akarudia kutazama. Kisha akasema, "Haya. Si bomba."

Kosa lake, kama ni kosa, alilifanya mchana. Juu ya darubini hiyo kuna kidarubini kingine kidogo cha kulengea, na hivyo viwili lazima vitazame mahali pamoja, la sivyo usiku utaitafuta nyota kama sindano iliyoanguka kwenye mazulia. Na kuvioanisha hufanywa mchana: unalenga kitu kilicho mbali kisichosogea, halafu unakaza skrubu kidogo kidogo. Mama Vifungo alichagua ncha ya antena kwenye jengo la ng'ambo ya barabara. Alikaa nusu saa, jicho moja limefumbwa, anakaza na kulegeza. Hakukumbuka kwamba chini kidogo ya ile antena kuna dirisha la muuguzi, wala hakujua kwamba kwenye ngazi za paa alisimama Bwana Tangazo, na daftari lake lote la mashaka kichwani.

Bwana Tangazo ndilo jina wapangaji walilompa mwenyekiti wao. Alikuwa karani mstaafu, na hajawahi kukutana na jambo lisilotibika kwa karatasi na gundi.

Jumapili saa tisa wapangaji walijaa uani, wengine wamekalia ndoo zilizopinduliwa. Mama Vifungo alisimama karibu na mlango wa chumba chake cha kazi. Shingoni alivaa tepu yake ya kupimia kama siku zote, na kwenye tepu alikuwa amefunga ufunguo wa paa. Ufunguo ule ulikaa kwake miaka kumi na moja, kwenye msumari kando ya cherehani, maana yeye ndiye aliyefungua mapema na kufunga mwisho. Kila mwenye nguo za kuanika aliufuata kwake, akaondoka na soga mbili tatu.

"Nimemwona kwa macho yangu," Bwana Tangazo alianza. "Saa nne asubuhi. Nusu saa nzima ameelekeza mtambo kwenye chumba cha dada wa watu. Nyota gani ya saa nne asubuhi?"

Watu wakaguna.

"Nilikuwa nalenga antena," Mama Vifungo alisema. Sauti ilitoka ndogo. Hakuzoea uani kumsikiliza.

"Antena! Mama, lisemwalo lipo."

"Basi nami nikisema mwenyekiti anaiba vibanio vya nguo za watu," wifi akadakia kutoka nyuma, "vipo mfukoni?"

Kicheko kikapasuka. Mzee mmoja fundi wa saa alimtazama mwenyekiti mfukoni, kwa dhati kabisa.

"Tuheshimiane!" Bwana Tangazo aligonga ndoo. "Sisi si watu wabaya. Tunataka vitu viwili tu. Arudishe ufunguo, na aombe radhi hapa mbele ya watu. Yaishe."

Mama Vifungo alihisi uso unamchoma. Ni kweli ingekuwa rahisi. Neno moja, nisameheni, na kesho watu wangeleta suruali za kufupishwa kama kawaida. Alikuwa amelitoa neno hilo mara nyingi maishani kwa makosa ya wengine: kwa mteja aliyenenepa akadai gauni limebana, kwa mwalimu aliyetoa vipimo vya kubuni. Lilikuwa neno jepesi kwake kama uzi. Sasa lilikwama.

Akakumbuka kitu.

"Pazia la dirisha lile ni la rangi gani?" aliuliza.

"La bluu," alijibu Bwana Tangazo haraka, kisha akaonekana kutamani kulimeza.

"Naam. Nimelishona mimi. Yule binti anafanya kazi usiku, analala mchana, akaniambia mama nitilie bitana nzito hata jua lisijue nimelala. Nikatia bitana mbili. Mimi nachungulia nini, mwenyekiti? Mishono yangu?"

Sasa hata wanaomwogopa mwenyekiti walicheka. Lakini kicheko si kura. Bwana Tangazo alikuwa amekwishaandika uamuzi kabla ya kikao, na mtu aliyekwishaandika ni mgumu kufuta. Akanyoosha kiganja.

"Ufunguo na radhi."

Mama Vifungo alifungua fundo kwenye tepu. Fundo halikukubali haraka. Lilikuwa la fundi. Akaweka ufunguo kwenye kiganja cha mwenyekiti.

"Ufunguo ni wa jengo, chukueni," alisema. "Radhi ni yangu. Siitoi."

Akaingia ndani, akakalia cherehani, na uani wakaisikia ikikimbia mshono mmoja mrefu usio na kituo.

Kesho yake paa lilipata kufuli jipya na tangazo jipya: WENYE NGUO TU. Chumba cha kina Mama Vifungo kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama ukuta. Siku mbili alikaa jioni akihesabu matofali ya ukuta huo. Siku ya tatu wifi alitoka kazini, unga bado masikioni, akaja na beseni kubwa.

"Nimefikiri," alinong'ona. "Tunaitia humu, juu tunafunika shuka mbichi. Napanda kuanika. Nani atapekua shuka?"

Mama Vifungo alilitazama beseni. Alimpenda wifi yake kwa beseni lile kuliko kwa jambo lolote alilowahi kumfanyia.

"Hapana, wifi. Haitapanda imefunikwa shuka kama mali ya wizi. Mimi siibi anga."

"Sasa utafanyaje?"

"Shika huko mguuni."

Wakaibeba pamoja, miguu ya chuma ya cherehani na darubini juu yake, wakaipitisha uani, mbele ya ngazi, mbele ya matangazo yote, hadi barabarani. Kati ya jengo lao na la ng'ambo palikuwa na kipande cha anga chembamba kama shuka ya kitanda kimoja. Mama Vifungo alisimama akakipima kwa tepu aliyoinyoosha mbele ya uso, wapita njia wakimshangaa. Saa moja jioni Mshtarii ilikuwa imetoka nyuma ya tangi la maji, na kabla ya kuzama nyuma ya antena ile ile ya maneno, angeweza kuitazama vizuri. Akainama. Akaipata.

Haikupita dakika tano Bwana Tangazo akatokea na kandambili zake.

"Hapa pia ni marufuku!"

"Haijaandikwa," alisema Mama Vifungo, jicho halikutoka kwenye lenzi.

Ilikuwa kama kumwambia mwenye njaa kuna chakula. Mwenyekiti alizunguka, akapanda ngazi mbili mbili, akarudi na karatasi ambayo gundi yake bado ilidondoka. Akaibandika kwenye nguzo ya taa, herufi kubwa: NI MARUFUKU KUSIMAMA HAPA NA KUTAZAMA JUU.

Basi. Wa kwanza kupita alikuwa muuza magazeti. Akasoma, akasimama pale, akatazama juu. Wa pili, mama mwenye mtoto mgongoni, akasoma, akatazama juu, hata mtoto. Fundi wa saa alishuka kwa makusudi, akavaa miwani, akasoma neno kwa neno, akainua kidevu kwa heshima zote.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi nilikuwa sijui kuna kitu huko. Asante kwa taarifa."

Kufikia hapo watu kumi na zaidi walikuwa na videvu hewani, na wifi amejipa kazi ya kuwapanga mstari. "Jicho moja tu, usiguse! Inapinduka, ndiyo, ndivyo ilivyo, na wewe ukilala unapinduka!"

Katikati ya msongamano ule mlango wa jengo la ng'ambo ulifunguka, akatoka muuguzi, sare yake nyeupe imepigwa pasi, anaelekea zamu. Alivuka barabara, akasoma karatasi ya kwenye nguzo, akawatazama.

"Nimesikia kuna kikao kuhusu dirisha langu," alisema. "Mwenyekiti, mbona mimi sikuulizwa?"

"Tulikuwa tunakulinda, binti."

"Mimi nina mdomo. Nikiwa na lalamiko nitavuka mwenyewe, hii hapa barabara." Akamgeukia Mama Vifungo, akaweka jicho kwenye darubini. "Mama, zile nukta nne ni nini?"

"Ni miezi yake, mwanangu. Na kesho utazikuta zimebadilishana nafasi."

Muuguzi alitazama mpaka akachelewa, kisha akaondoka mbio akishika kofia.

Bwana Tangazo alibaki chini ya tangazo lake. Hakuna aliyemtazama, wote walikuwa wanatazama juu. Baada ya muda alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa kufuli jipya, akasogea karibu na Mama Vifungo, akashusha sauti.

"Haya, chukua. Lakini useme neno kidogo, mama. Kidogo tu. Kati yangu na wewe."

Mama Vifungo alikuwa ameinama kwenye darubini, shingo yake imenyooka kama haikuwahi kuuma. Mshtarii ilikuwa inakaribia ncha ya antena.

"Ufunguo unajua msumari wake," alisema. "Neno sina. Na usogee hatua moja, mwenyekiti. Unaniziba."

Akasogea.