Mchoro wa Wodi Uliokataa Kufunguka

Saa tatu kasoro asubuhi Dolphine, mchoraji wetu kijana, alipiga ukelele, mgeni wetu Koinet akajimwagia chai kwenye suruali.

"Haifunguki! Mzee Wanyonyi, kuja uone. Inasema faili imeharibika."

Nilivaa miwani. Mchoro wa wodi ya kina mama ya zahanati ya Ewuaso Kedong, kazi yetu ya wiki sita, ulikuwa umebaki jina tu. Nilijaribu kwenye kompyuta yangu, nikajaribu kwenye ya Sandra, mchoraji mwenzetu. Hali ni ileile, maana sote tunafungua michoro kutoka sanduku moja jeusi linalohifadhi kazi za ofisi nzima. Hata faili ya akiba iliyokaa kando yake ilikataa.

Koinet ndiye mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Alikuwa ametoka kwao alfajiri kuja Kitengela kuchukua nakala, kwani saa nane kamili kaunti ingefunga kupokea michoro kule Kajiado. Wakikosa, wangoje mwaka ujao.

"Mwaka ujao?" aliuliza. "Juzi bibi ya ndugu yangu amejifungulia kwa pikap. Niwaambie nini hao kina mama?"

Cheti changu cha uchoraji wa majengo nilikipata kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na minane. Kompyuta nilijifunza nikiwa na sitini. Uzembe siuvumilii. Nikamgeukia Dolphine.

"Jana ulikimbilia gari kabla mashine haijamaliza kuhifadhi. Nyinyi mnabonyeza tu na kutoroka!"

"Ni faili nzito, mzee. Nilizima skrini tu, nikaiacha mashine imalizie."

"Ingemalizia tungekuwa hapa?"

 Macho ya Dolphine yalilowa.

Naisula, mwenye ofisi, alifungua kumbukumbu za sanduku, akasoma kwa sauti. "Jana saa kumi na moja na dakika kumi na mbili, limezimika. Stima ilipotea?"

"Haikupotea," nilisema, kisha nikageuka kuitazama soketi ya birika.

Mimi ndimi hutoka wa mwisho. Tokeni za stima tunazolipia kabla huisha haraka, hivyo nilijiwekea desturi ya kuzima kila soketi kabla ya kufunga mlango. Jana mchana, chumba cha Naisula kilipoanza kupakwa rangi, sanduku lililetwa kwetu, likachomekwa karibu na birika. Nilizima soketi hiyo, nikazima na ya Dolphine, nikaenda zangu nikijiona mtu wa maana.

Nilivuta kiti, nikakaa.

"Ni mimi," nilisema. "Mchoro ulikuwa bado unaandikwa. Nimeukata katikati."

"Woi, mzee!" Sandra alishika kichwa. "Na vile unatugombeza kila siku juu ya soketi!"

Naisula hakucheka. "Dolphine, programu hujihifadhi yenyewe kila dakika kumi na tano ndani ya mashine yako, si kwa sanduku. Ukiifunga vizuri, inafuta hiyo nakala. Lakini jana haikufungwa, ilikatwa. Tafuta. Na usiifungue kabla ya kuinakili kwa flashi."

Ilikuwepo, ya saa kumi na moja kamili. Dolphine aliinakili, akabadilisha mwisho wa jina la faili ili programu iitambue, akabonyeza. Kuta za wodi zilijitokeza moja baada ya nyingine. Vyoo pekee havikuwepo. Nilimsomea vipimo kutoka daftari langu, naye akachora bila kuniangalia.

Saa tano na nusu Koinet aliondoka na karatasi za mchoro kwenda Kajiado. Tukiwa tunangoja, Naisula alitoa amri: kila mtu achore kwenye nakala iliyo ndani ya mashine yake, airudishe sandukuni akimaliza, na angoje mpaka iingie yote. Sanduku litanunuliwa betri, na kila jioni nakala nyingine itoke nje ya ofisi.

Saa nane kasoro dakika tisa simu yangu iliita.

"Wamepiga muhuri!" Koinet alipaza sauti.

"Usikate," nilisema, nikaiweka simu mezani ili wote wasikie. "Dolphine, nilikulaumu mbele ya Koinet. Nakuomba msamaha akiwa anasikia."

Dolphine alininyooshea kiganja.

"Nimekusamehe, mzee. Lakini kutoka leo, wa mwisho kutoka ni mimi."

Nilimpa ufunguo wa ofisi.