Kura ya Mkuyu

Kikundi chetu husoma vitabu vya mazingira kila Jumamosi, sebuleni kwangu, kwa sababu mimi ndiye mwenye viti vingi. Hakuna sababu nyingine. Mwezi ule tulikuwa na kitabu cha miti mikongwe, na mwenye bucha alishalia kwenye sura mbili mfululizo. Huyu ni mtu anayekatakata ng'ombe tangu alfajiri.

Mimi ni fundi vigae. Chumba cha mama nimekitandika vigae mara mbili, na mara zote mzizi wa mkuyu umevifumua kama unga wenye hamira. Wiki ile mama alijikwaa hapo, akaanguka, goti likavimba. Mkuyu wenyewe uko mpakani, nusu wangu, nusu wa jirani, na jirani ndiye mwenyekiti wetu. Nikamwambia tuukate. Akasema jambo zito namna hiyo lipelekwe kikundini.

Haya, likapelekwa. Nikaeleza habari ya goti. Mwenyekiti akanishukuru kwa mchango wangu, kisha akasoma kurasa nne kuhusu mizizi. Mwenye bucha akalia tena. Shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka, ambaye ndiye niliyemtegemea, akasema mti ule ulikuwepo kabla yetu.

"Hata mama alikuwepo kabla yetu," nikasema.

Kura zikapigwa. Ukinitoa mimi, wote walisimama na mkuyu.

Damu ikanichemka. "Sawa! Mnaoupenda mti, mchukueni mama! Nani anamchukua? Nyoosheni mikono, si mlikuwa mnainyoosha vizuri tu?"

Mwenyekiti akafuta miwani. Mwenye bucha akakagua dari yangu, ambayo haina chochote.

Mkono mmoja ukapanda. Shemeji.

"Nitakaa naye mimi," akasema. "Nyumba kubwa ile, niko peke yangu."

Lo! Mimi nilitaka waone haya, sikutaka mtu akubali. Nikacheka. Nikawaambia mama hawezi kulala nyumba nyingine, mama yangu namjua mimi.

Mlango wa chumba ukafunguka. Mama alitoka akichechemea, mkoba begani, miguuni viatu vya kutokea.

"Mama, na goti hilo?"

"Goti linauma," akasema. Akamgeukia shemeji. "Mwanangu, kwako jioni mtu anaongea?"

"Naongea mpaka na redio, mama."

"Basi twende."

Watu wazima wote mle ndani walikuwa wanatazama vitabu vyao. Cha mwenyekiti kilikuwa kimefungwa.

"Mama," nikasema, "kwani mimi si nipo hapa?"

"Upo, baba. Nakusikia kupitia ukuta ukiongea na wenzako."

Iliniuma, sifichi. Nikanyoosha mkono nimpokee mkoba, shemeji alishaupokea.