Njia Mpya ya Mwenyekiti Namgail

Ninyi wenye watoto wanaopanda hekaluni, someni hili kabla hamjawafungia siagi ya kuwashia taa za hekalu.

Wazee wetu walikuwa wajinga sana. Waliweka hekalu juu ya mwamba, na njia wakaizungusha mgongo wa mlima mpaka mtu anafika akihema, wakati korongo lipo palepale, limenyooka, kavu kama mkate wa juzi. Bahati nzuri tulimpata Mwenyekiti Namgail, aliyewahi kuishi mjini Leh miaka miwili mizima. Yeye akapitisha njia korongoni. Watu walipoendelea kuzunguka mlima, kwa kuwa mawe yaliyochongwa sala yalikuwa huko, aliyahamisha mawe yote, akayapanga ukuta mrefu wa kimo cha kifua kando ya njia yake. Nani atakataa kupita penye sala? Nilipouliza habari ya maji, akasema korongo lile halijaona maji tangu babu yake azaliwe. Babu yake, nasikia, naye hakuwa mtu wa kuangalia sana.

Mwezi wa nane wingu likakaa mlimani siku mbili. Binti yangu Yangdol akabeba siagi. Nikamwambia apite juu.

"Mama, wewe hata kikombe kikimwagika unaona mafuriko," akasema, akaingia korongoni.

Nikapita njia ya zamani, peke yangu, nikimwona kule chini. Mara nikasikia mlio, kama mawe yanasagana. Nikateremka mbio hadi ukingoni. Yangdol alikuwa hatua tano kutoka kwangu, lakini ukuta wa sala ulikuwa katikati yetu. Binti yangu, niliyemlea vizuri mno, akaanza kukimbia ili auzunguke. Hatua mia mbili hadi mwisho wa ukuta.

"Yangdol, panda ukuta!"

"Ni sala, mama."

"Kanyaga. Dhambi nitaibeba mimi."

Akakanyaga. Nikamvuta kwa nywele. Matope yakapita na siagi, kiatu kimoja na sala za kijiji kizima.

Namgail alikuja kutupa pole. Amesema mawe mapya yatachongwa na ukuta utajengwa palepale, mrefu zaidi. Watu wakapiga makofi.

Yangdol alilia kwa alichokanyaga, si kwa alichoponea. Nikaenda kwa lama, mtawa wa hekalu, kueleza dhambi ni ya nani. Basi nasujudu siku arobaini, hatua kwa hatua, kifua chini, kwa njia ya juu. Anayetaka kumfuata mwenyekiti, amwache mwanawe nyumbani kwanza.